Kopo la dawa la Mama

Mama yangu ana kopo. Zamani lilikuwa la maziwa ya unga, la bati, na sasa limechubuka rangi hata jina halisomeki. Linakaa juu kabisa ya kabati la vyombo, mahali ambapo mjukuu hafiki. Ndani yake kuna dawa. Mwaka jana mwezi wa sita, nilipokwenda nyumbani Mbinga likizo, baridi ya kule ilinishika kifua usiku wa kwanza tu. Kabla sijakohoa mara ya tatu Mama alikuwa ameshapanda juu ya kigoda, analifuata kopo lake.

"Meza hizi mbili sasa hivi na mbili jioni," akaniambia. "Kesho unaamka mzima."

Nikamwomba nilione kopo lote. Nikalimimina mezani, juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Vikatoka vibahasha saba vya khaki. Kimoja kilikuwa na vidonge vinne vya antibiotiki ile tunayoiita rangi mbili, nyekundu na njano, vimeanza kunatana kwa unyevu. Kingine kilikuwa na Flagyl tano zilizokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, na tarehe ya kuisha muda ilibaki upande wa pili, aliouchukua mtu mwingine. Septrin zilikuwa mbili. Ilikuwapo pia chupa ya dawa ya mtoto, ile ya unga inayochanganywa na maji, imebaki nusu na kuganda kama uji uliolala. Hiyo ikishachanganywa ni ya kutumia siku chache tu na kumwaga kinachobaki, nayo ilikuwa na miezi. Kibahasha kimoja kiliandikwa kwa kalamu ya buluu "2 x 3", basi. Hakikuwa na jina la dawa, wala siku ngapi, wala jina la mgonjwa.

Lakini Mama alijua historia ya kila kibahasha. Hii ni ya baba mdogo alipovimba jino. Siku ya pili uvimbe ukashuka, akaacha. Hii ni ya mjukuu alipoharisha. Hii ya jirani, aliileta yeye mwenyewe baada ya kupona, maana alisikia Mama anaumwa kiuno. Nilipomuuliza kwa nini anazitunza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatunza mbegu. Dawa imenunuliwa kwa pesa. Mahindi yakibaki hayatupwi, na dawa je?

Mimi ni mwalimu wa baolojia, nafundisha sekondari Morogoro. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba antibiotiki huua bakteria au huwazuia wasizaliane, na kwamba haifanyi lolote kwa virusi. Nafafanua kwa nini: penisilini na jamaa zake, kama amoksilini, huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, na kirusi hakina ukuta huo, kwa hiyo hakuna cha kubomoa. Wanafunzi wanaandika, wananijibu vizuri kwenye mtihani, nawapa vema. Na wiki hiyohiyo nimekutana nao duka la dawa wananunua rangi mbili za mafua. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka nilipokaa mbele ya lile kopo, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu ni mama aliyenilea, na najua hana akili ndogo.

Tunapozungumzia matumizi mabaya ya dawa vijijini huwa tunasema watu hawana elimu. Nimesikia hivyo semina baada ya semina. Naamini si kweli, au tuseme ni robo tu ya ukweli. Mama ana elimu ya dawa. Ameipata kwa miaka hamsini ya kutazama. Shida ni kwamba alichokitazama kinadanganya.

Fikiria mafua. Siku ya kwanza koo linawasha. Ya pili pua zinachuruzika, mwili unauma. Ya tatu unajiona umezidiwa, na hapo ndipo unapotafuta dawa. Hakuna anayekwenda dukani siku ya kwanza, pesa haitolewi ovyo. Unameza rangi mbili siku ya tatu jioni, na siku ya tano una nafuu. Ungekuwa na nafuu siku hiyo hata kama ungemeza maji matupu, maana mafua ya kawaida hupanda na kushuka yenyewe. Ila wewe uliyemeza umeona kwa macho yako: nimeumwa, nimemeza, nimepona. Ukirudia hivyo mara ishirini katika maisha, ukaona na kwa jirani na kwa watoto wako wote, hakuna bango la zahanati litakalokushawishi vinginevyo.

Na wengi wa wagonjwa wa homa ndivyo walivyo. Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara, hapa mkoani Morogoro ninakofundisha. Waliwapima kwa kila kipimo walichoweza, wakatafuta chanzo cha homa ya kila mmoja. Takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa kama 2 kati ya 10, na malaria mmoja hivi kati ya 10. Hao ni watoto ambao wazazi wao waliona hali imefikia kupelekwa hospitali. Sasa piga hesabu ya wale wanaoishia dukani, au kwenye kopo.

Malaria nayo imechangia kwa namna ambayo haikutarajiwa. Zamani kila homa iliitwa malaria, na kila homa ilipewa dawa ya malaria. Vipimo vya haraka vilipoenea, vile vya tone la damu kidoleni, jambo jema lilitokea: tukaacha kumeza mseto bila sababu. Lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni saa mbili hawezi kuambiwa "hana malaria, rudi nyumbani". Anataka kitu mkononi. Na mhudumu, ambaye hana kipimo kingine cha kumwonyesha homa imetoka wapi, naye anaona afadhali ampe kitu. Kitu hicho mara nyingi ni antibiotiki. Simlaumu sana. Nimeshakaa kwenye benchi hilo nikiwa na mtoto anayechemka, na ningeondoka na hasira kama ningeondoka mikono mitupu.

Kesho yake niliongozana na Mama mpaka dukani. Hapo kijijini watu bado wanaliita duka la dawa baridi, ingawa ubao wa mlangoni unasema Duka la Dawa Muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003, kabla ya kusambaa nchi nzima. Wazo lake lilikuwa zuri: hospitali iko mbali, famasia iko mjini, basi wenye maduka ya vijijini wafundishwe, wakaguliwe, waruhusiwe kuuza dawa muhimu zikiwemo baadhi ya antibiotiki, ili watu wasiendelee kununua kwa kificho dawa zisizojulikana zilikotoka. Mimi nilikuwa kijana wakati huo na naikumbuka tofauti. Dawa zilitoka kwenye meza za mnadani, juani, zikaingia kwenye kabati la kioo.

Dada anayeuza pale ni msikivu, ana subira. Tukiwa tumesimama pembeni akaingia mzee mmoja, viatu vina udongo mwekundu wa shamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe rangi mbili za mia tano."

"Ni za nani, baba?"

"Za mjukuu. Anaharisha tangu jana."

"Ana miaka mingapi? Kinyesi kina damu?"

"Miaka minne. Damu hakuna, ni maji tu."

Yule dada akamtolea pakiti za ORS na vidonge vya zinki, akamweleza: mtoto asiishiwe maji mwilini, hilo ndilo la kuangalia, achanganyiwe pakiti kwenye lita moja ya maji safi, anyweshwe kidogokidogo, na zinki apewe siku kumi hata akipona kabla. Alieleza vizuri kuliko mimi ninavyofundisha. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo maji ya chumvi na sukari hata nyumbani tunayo. Mimi nimekuja kufuata dawa."

Mwishowe aliondoka na vyote, ORS, zinki na rangi mbili tano zilizohesabiwa kwa kifuniko cha kopo na kudondoshewa kwenye kibahasha. Tulipobaki wenyewe yule dada alimgeukia Mama, akasema kama anayejitetea: "Nisipompa mimi, anavuka barabara. Kule hawamuulizi hata ni za nani. Na mwisho wa mwezi kodi ya fremu nalipa mimi."

Nimelifikiria sana neno lile la mzee, "za mia tano". Sisi wenye vyeti tunahesabu dozi kwa siku na miligramu. Kijijini dozi inahesabiwa kwa shilingi. Mwezi wa nane, kahawa ikiwa imeuzwa, mtu hununua dozi nzima bila kuuliza. Mwezi wa pili, mahindi ya ghalani yameisha na mapya hayajakomaa, anayeumwa huyohuyo ananunua za mia tano, kwa ugonjwa uleule. Hajasahau kwamba dozi ni vidonge kumi na tano. Anazo za kununulia vitano. Unaweza kumfundisha mpaka jua lizame, hutamwongezea shilingi hata moja mfukoni.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya juu ya jambo hili hasa. Alisema huenda ikafika siku penisilini ikanunuliwa na yeyote madukani, na asiyejua akameza kidogo kuliko inavyotakiwa, akawazoesha vijidudu dawa badala ya kuwaua. Dawa ilikuwa bado mpya. Miaka hii wanasayansi wamekadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikoelemea zaidi.

Namba kubwa kama hiyo haimwingii Mama, wala haikuniingia mimi. Kilichomwingia ni klorokwini, dawa ya malaria ya enzi zile. Kila Mtanzania wa umri wake anaukumbuka ule uchungu wake, na wale waliowashwa mwili mzima wakakesha wanajikuna. Ilikuwa dawa ya kuaminika. Kisha ikaanza kushindwa. Watoto walimezeshwa na homa ikarudi, na wengine hawakuamka. Mwaka 2001 serikali iliiacha ikaleta SP, na SP nayo haikudumu, mwaka 2006 ukaja mseto. Malaria hailetwi na bakteria, lakini mwendo ni uleule: kimelea kinachopona dawa kinazaa, na watoto wake wanaijua dawa ile. Nilipomwambia Mama kwamba rangi mbili nazo zinaelekea kuwa kama klorokwini, alinyamaza muda mrefu. Tulimzika mdogo wangu mmoja mwaka 1999. Hatukulitaja jina lake, ila nilijua anafikiria nini.

Usugu huu haukai vijijini tu, na sitaki mtu wa mjini asome hapa akajiona salama. Mdogo wangu wa kike anaishi mjini, ana bima, ana kila kitu. Kwa mwaka mmoja aliambiwa mara nne ana "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia dawa, kila mara baada ya mkojo kutazamwa dakika chache tu, na kila mara alipewa dawa kali kuliko ya mwanzo, hadi sindano za siku saba. Mara ya tano daktari mmoja mwanamke alikataa kuandika chochote kabla mkojo haujaoteshwa maabara kutafuta bakteria. Ulichukua siku tatu. Haukuota kitu. Bakteria hawakuwapo, na huenda hawakuwapo muda mrefu. Watafiti waliootesha mikojo ya wagonjwa wenye dalili za UTI huko Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro, pamoja na Kenya na Uganda, walikuta ni takriban mmoja tu kati ya watatu aliyekuwa na bakteria wa kutibiwa. Na wengi wa hao waliokuwa nao, bakteria wao walishazizoea dawa kadhaa za bei nafuu. Tumeligeuza neno "sugu" kuwa jina la ugonjwa, na kila anayeambiwa analo anakimbilia dawa nzito zaidi, na kwa njia hiyo usugu wenyewe ndio unaotengenezwa.

Na kuku. Nisipowataja Mama atasema nimeficha. Mdondo ukiingia kijijini watu hufungua rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Mdondo ni virusi. Kuku wanakufa vilevile, na wale wachache waliopona kwa nguvu zao wanaipa dawa sifa, kama mafua yanavyoipa. Kinga ya mdondo ipo, ni chanjo ya tone moja la jicho kila miezi mitatu, na nyingine inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa majirani wengi, na hapo ndipo penye ugumu: lazima majirani wakubaliane siku. Kununua rangi mbili hakuhitaji kukubaliana na mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kijijini kwetu wapo watu wanaomeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila siku, saa ileile, miaka kumi na zaidi, bila kuruka. Yupo mjomba wangu aliyeugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita kamili, mzee ambaye hajui kusoma, tena mkaidi. Miezi sita! Mtu huyohuyo akipewa dozi ya siku tano ya jino anaacha siku ya pili. Kama tatizo lingekuwa ujinga, angeacha zote mbili.

Nilimuuliza mjomba tofauti ni nini. Alisema dawa ya kifua ilikuwa ya bure, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kubakiza. Alisema alikaa na nesi karibu saa nzima siku ya kwanza, akaambiwa ukiacha katikati itakurudia ile isiyosikia dawa, na utapelekwa hospitali ya Kibong'oto, mbali kule Kilimanjaro. Alipewa kadi. Na kila wiki mama mmoja wa kujitolea alipita nyumbani kwake, akauliza, "Umemeza?" "Ningemwona aibu," alisema mjomba, "mtu amepanda mlima wote ule."

Ndiyo maana napata uchungu nikisikia kampeni ya antibiotiki inaishia kwenye bango na wiki moja ya mwezi wa kumi na moja. Tunajua namna ya kufundisha kijiji dawa, tumeshafanya. Tulitumia saa nzima na mgonjwa, tukampa dawa isiyomfilisi, tukamtuma mtu apande mlima kumuuliza. Kwa rangi mbili tumemwachia mzee kibahasha chenye "2 x 3" na dada wa dukani mwenye kodi ya kulipa. Kama ningekuwa na sauti mahali panapoamuliwa mambo, ningeanza na huyo dada: alipwe kwa kumshauri mtu, hata asipouza kitu. Leo akimrudisha mteja nyumbani na ushauri mzuri, siku yake ya kazi imepata hasara.

Mimi nilifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wangu kwa siku zilizobaki za likizo. Vidonge vyote tulivipeleka zahanati wakaviteketeze. Kopo lilirudi juu ya kabati likiwa na pakiti sita za ORS, zinki, kipimajoto na Panadol. Halafu nikamfundisha Mama kuhesabu pumzi, kitu ambacho mhudumu wa afya wa kijiji hukifanya na ambacho mtu yeyote mwenye simu anaweza.

Tulijifunzia kwa mjukuu akiwa amelala. Unamfunua nguo kifuani, unasubiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Unawasha saa ya simu, unatazama kifua au tumbo likipanda, moja, likipanda tena, mbili, dakika nzima bila kukatisha. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na moja akifika 50, na wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, pumzi hizo ni za haraka, na mwenye kikohozi akiwa hivyo huenda ni nimonia. Huyo anahitaji antibiotiki kweli, leo, kutoka kwa mhudumu wa afya, na amoksilini ya kuyeyusha ndiyo atakayoanzishiwa. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya au kunywa, au akipata degedege, hapo hakuna kuhesabu tena, ni kutafuta pikipiki hata usiku wa manane. Mama alihesabu huku midomo ikicheza, kama anasali rozari. Mara ya kwanza alipata 19, akasema nimemharakisha. Mara ya pili tulipata wote 26.

Mwezi wa saba mwishoni alinipigia saa nne usiku. Nilipoona jina lake nikaogopa.

"Mtoto anakohoa," akasema. "Pua zinamtoka, na joto ni thelathini na nane na nukta mbili. Nimehesabu mara mbili. Thelathini na nne, na mara ya pili thelathini na tatu."

Nikamuuliza kuhusu kifua. Hakibonyei. Amekunywa uji? Amekunywa kikombe kizima, amelala sasa.

"Mama yake anataka rangi mbili," akaendelea kwa sauti ya chini. "Nimemwambia tungoje. Nitahesabu tena saa nane, na alfajiri. Zikifika arobaini tunakwenda zahanati, nimeshaongea na kijana wa pikipiki." Akanyamaza kidogo, nikasikia mtoto akikohoa upande wa pili. "Lakini wewe usizime simu."

Sikuizima. Saa nane na dakika kumi uliingia ujumbe, namba peke yake: 31.